Liru, mlima unaoziona nchi tatu

Na Mwandishi Wetu, Koboko

KWA miaka kumi na minne Mama aliuza unga, sabuni na chumvi ng'ambo ya mpaka wa Oraba, upande wa Kaya, na kila aliporudi jioni alikuwa na alama moja ya kumwambia kwamba amekaribia nyumbani. Haikuwa bendera ya kituo cha mpakani wala kizuizi cha forodha. Ilikuwa Liru, mlima wa mawe unaojitokeza juu ya tambarare za Koboko kama mgongo wa ng'ombe aliyelala.

"Ukiuona Liru," aliniambia, "ndipo unaanza kuhesabu pesa zako bila kutazama nyuma."

Hata hivyo, hakuwahi kuupanda. Nilipowauliza wafanyabiashara wengine katika soko la Koboko, wengi walicheka. Mlima hauna soko, walisema, na mtu hapandi mahali pasipo mteja. Lakini Mama alikuwa na sababu yake. Jumatatu alitakiwa kumpa jibu mteja mmoja wa Yei aliyemwomba mzigo wa mali kauli, yaani achukue bidhaa sasa na kulipa baada ya kuuza. Mara ya mwisho Mama alipotoa mzigo wa namna hiyo ilikuwa mwanzoni mwa Julai 2016. Mifuko sitini ya unga wa mahindi na katoni za sabuni, thamani yake karibu shilingi milioni sita za Uganda, vilivuka mpaka na havikurudi, wala pesa zake.

"Nataka niione hiyo nchi iliyokula mtaji wangu," alisema. "Kwa chini naiona barabara tu."

Kwa sababu habari yenyewe ni ya deni, na mdaiwa yu hai, aliomba jina lake lisitajwe.

Kutoka Arua

Nilitoka Arua siku moja kabla. Kwa wasomaji wetu wanaoijua njia hii ya zamani, ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika, mambo yamebadilika. Barabara ya lami kutoka Vurra, kwenye mpaka wa Kongo, kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, kwenye mpaka wa Sudan Kusini, ina urefu wa kilomita zipatazo 92. Koboko iko zaidi ya nusu ya njia hiyo. Ukiondoka Arua asubuhi kwa gari la abiria, unapita Ombaci, unapita Maracha, na kabla ya chai ya saa nne umeshafika.

Arua, iliyoanzishwa kama makao ya wilaya mwaka 1914 na kupandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020, haijawahi kuishi kwa shamba peke yake. Imeishi kwa mpaka. Ndiyo maana katika maduka yake utasikia Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Lingala, Kiarabu cha Juba na Kiswahili katika mazungumzo ya dakika kumi. Mama mwenyewe Kiswahili alikipata kwa baba yake aliyekuwa askari, kama wengi wa rika lake hapa West Nile. "Baba aliniachia lugha," alisema, "ng'ombe hakuniachia hata mmoja."

Chini ya mlima

Tulianza alfajiri ya Jumapili, mvua za mwisho wa mwaka zikiwa zinaishia. Kabla ya kupanda, tulikwenda kwa mwenyekiti wa LC1 kueleza nia yetu, kisha kwa mzee mmoja wa kijiji kilicho chini ya mlima, ambaye alikubali kutuongoza. Hakuuliza malipo kwanza. Aliuliza tunatafuta nini.

"Tunataka kuona, baba," Mama alijibu.

"Kuona ni bure, binti yangu," mzee alisema. "Kuteremka ndiko kwenye gharama. Vaa viatu vizuri."

Njia ilianzia mashambani. Ufuta ulikuwa umekatwa, umefungwa mafungu na kusimamishwa ukauke, vichwa vikitazama juu ili mbegu zisimwagike. Pembeni palikuwa na muhogo, na mabaki ya mtama. Mama, ambaye hawezi kuona zao bila kulipigia hesabu, alisimama kwenye shamba la ufuta na kuukadiria kwa macho. Halafu mashamba yakaisha, nyasi zikafika kiunoni, na mawe ya kwanza yakaanza kutokeza ardhini.

Mawe haya si ya kawaida. Wataalamu wa jiolojia waliolichunguza eneo hili katika karne iliyopita waliyapa matabaka ya kale ya West Nile majina ya hapa hapa: moja wakaliita kwa jina la Mlima Wati, ulioko Terego, na jingine kwa jina la Arua. Umri wake unahesabiwa kwa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Mlima tunaoupita kila siku tukielekea sokoni ulikuwepo kabla ya samaki wa kwanza kuogelea baharini.

Moto na dawa

Katika kivuli cha mkwaju tulipumzika, na mzee akatusimulia habari za Jaki.

Simulizi hizi za Walugbara ziliandikwa pia na mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeishi nao kati ya 1949 na 1952 na ambaye baadaye alikwenda pwani na kuandika juu ya Waswahili. Zinasema kwamba mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, ndio waliozaa waanzilishi wa koo za Walugbara. Jaki alifia Liru. Dribidu alifia Wati. Ndiyo maana milima hii miwili hutajwa pamoja, kama watu wa ukoo mmoja waliojenga mbali.

Shujaa, simulizi inasema, alifika katika nchi hii akiwa mwindaji na mgeni. Alikuwa na nyama lakini hakuwa na moto. Akamkuta mwanamke mwenye ukoma, aliyekuwa na moto. Mwanamke akampa moto. Shujaa naye alijua dawa. Akamponya mwanamke, na kwao wakazaliwa watoto walioanzisha koo.

Mama alisikiliza kwa makini, kisha akauliza swali la mfanyabiashara.

"Baba, nani alitoa kwanza?"

Mzee alifikiri. "Mwanamke," alisema. "Alitoa moto kabla hajapona."

"Bila dhamana?"

"Angeweka dhamana gani mgeni? Hakuwa na nyumba."

Mama hakusema kitu tena mpaka tulipoinuka.

Mkaa na kokoto

Juu zaidi njia ilipita kwenye visiki. Vingine vilikuwa vya zamani, vimeota ukungu. Vingine vilikuwa bado vyeupe. Mzee hakulalamika kwa sauti kubwa. Alionyesha tu kwa fimbo: hapa palikuwa na kivuli, hapa palikuwa na mti wa siagi ambao wanawake waliokota kokwa zake, hapa watoto walikuwa wakichunga mbuzi bila kuchomwa na jua.

Mwaka 2023 amri ya Rais ilipiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini mwa Uganda. Lakini jiko la mjini halisomi amri. Watu wameongezeka, wakimbizi na wenyeji wanapika kwa kuni zile zile, na gunia la mkaa ni pesa ya haraka kwa kijana asiye na mtaji wa kitu kingine. Chini kidogo ya visiki tulisikia nyundo: familia moja ilikuwa ikigonga mawe kupata kokoto za ujenzi, baba akipasua makubwa na watoto wakiyavunja madogo.

Sisi wafanyabiashara tusijifanye watazamaji katika hili. Kokoto zile zinajenga vyumba vya maduka yetu, na mkaa ule unapika chai tunayokunywa sokoni. Mama alikiri mwenyewe kwamba kuna miezi, baada ya 2016, alipouza mkaa mpaka akapata pesa ya kurudi kwenye unga.

"Nilianza upya kwa miti ya watu," alisema akikitazama kisiki. "Sikujua ni ya wapi. Mkaa hauna jina."

Maji juu ya jiwe

Karibu na kilele nyasi zilikwisha na tukabaki na mwamba mtupu, mweusi pale maji yanapopita na wa kijivu kwingineko. Hapa mtu hutembea polepole, mguu wote ukikaa juu ya jiwe, na akiteleza hushika kwa mkono. Mama alivua kanga aliyojifunga kiunoni akaitia mfukoni, akapanda kwa mikono na miguu kama watoto wanavyopanda.

Wanaopanda Muhavura kule Kisoro, mlima wa mita 4,127 kwenye mpaka wa Uganda na Rwanda, hukuta ziwa dogo kileleni. Sisi tulikuta dimbwi. Maji ya mvua yalikuwa yamekaa kwenye bonde la jiwe, upana wake kama mkeka wa watu wanne, safi kiasi cha kuona kokoto chini. Mzee alituomba tusinawe miguu humo. Ndege hunywa hapo, alisema, na wachungaji pia. Mama akachota kwa kiganja, akajipaka usoni.

Dimbwi lile lilikuwa na somo lake. Mpaka wa Uganda na Kongo katika sehemu hii haufuati mto. Unafuata mgongo wa ardhi, mahali ambapo maji ya mvua hugawanyika. Tone linaloanguka upande wa mashariki huteremka hadi Mto Nile na kuishia bahari ya Mediterania. Linaloanguka upande wa magharibi huingia katika mito ya Uele na Ubangi, kisha Mto Kongo, na kuishia bahari ya Atlantiki. Wakoloni walipotafuta mahali pa kuchora mstari waliifuata njia ya maji. Njia za watu hawakuzitazama.

Nchi tatu kwa jicho moja

Kileleni upepo ulikuwa mkali. Mzee alisimama akatuonyesha kwa fimbo. Kaskazini, huko barabara inakopotelea, ni Oraba na Kaya, na mbele zaidi ni Yei. Magharibi, karibu kuliko nilivyotarajia, ni Kongo: moshi wa mashamba na mabati yaliyokuwa yakimeta upande wa Ingbokolo. Kusini ni Maracha na Arua, na huko kwenye ukungu, alisema, ndiko aliko Wati, jirani wa siku zote.

Nilitafuta mipaka. Haikuonekana. Yalionekana mashamba yanayofanana, mapaa yanayofanana, na njia nyembamba nyekundu zinazotoka nyumba hadi nyumba bila kujali ziko nchi gani. Wakakwa wanaishi pande zote tatu: Koboko, Yei, na katika eneo la Aru upande wa Kongo. Mtu wa hapa akienda msibani kwa shangazi yake anaweza kuvuka mpaka wa kimataifa kabla jua halijawa kali.

Historia ya mstari huo ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold wa Ubelgiji eneo lililoitwa Lado, na West Nile ikiwa ndani yake. Leopold alikufa Desemba 1909. Mwaka uliofuata eneo likarudi chini ya Sudan. Mwaka 1914 sehemu ya kusini, hii tuliyosimama juu yake, ikahamishiwa Uganda. Yaani ndani ya miaka ishirini mkulima wa chini ya Liru alitawaliwa kwa jina la nchi tatu, na hakuhamisha hata chungu chake.

Leo nchi hizo tatu ziko katika Jumuiya moja. Sudan Kusini ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2016. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia saini Aprili 2022. Kwenye karatasi, kila kipande cha ardhi tulichokiona kutoka Liru ni soko moja.

Mama alijua pengo lililopo kati ya karatasi na barabara. Mkataba wa Sudan Kusini ulikuwa na miezi mitatu tu vita vilipolipuka tena Juba, Julai 2016, na kusambaa hadi Equatoria. Watu wa Yei walikimbia. Walikuja kwa barabara ile ile tuliyoitazama, na kwa njia za porini. Agosti mwaka huo kambi ya Bidi Bidi ilifunguliwa katika wilaya jirani ya Yumbe, na ikapokea zaidi ya watu 200,000.

"Walikuwa wakiniambia," Mama alisema, "kwamba walipouona Liru walijua wamepona. Mimi nilikuwa hapa chini nahesabu unga wangu uliopotea. Nilikasirika mwaka mzima. Sikuwaza kwamba mwenye deni langu naye alikuwa anatembea na watoto."

Mdaiwa huyo, alisema, alionekana baadaye kambini. Hakuwa na kitu. Alimlipa kwa vipande, mara elfu hamsini, mara thelathini, hadi ikafika kama robo ya deni, kisha akarudi kwao. Mteja anayeomba mzigo sasa ni mdogo wake.

Karatasi, si kiapo

Tulikaa kileleni karibu saa nzima, na maongezi yakageuka kuwa ya biashara, kama yanavyogeuka wafanyabiashara wanapokaa popote.

Kosa la 2016, Mama anakubali, halikuwa vita peke yake. Mzigo wote ulikwenda kwa neno la mdomo. Hakukuwa na orodha, hakukuwa na saini, hakukuwa na shahidi, na sehemu yake ilipita njia ya panya kwa sababu aliogopa ushuru ambao pengine hakutakiwa kuulipa.

Hapo ndipo wasomaji wengi wa gazeti hili wanapoumia. Kwa kanuni za Jumuiya, mfanyabiashara mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, zilizomo katika orodha inayotambuliwa, na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa mpakani, na bidhaa hizo zisitozwe ushuru wa forodha. Cheti hakiondoi kodi za ndani za nchi unayoingia, wala hakiondoi vibali vya afya na ubora wa vyakula. Na utekelezaji hautembei kwa mwendo mmoja katika kila kituo. Uliza kabla ya kupakia, si baada ya kufika.

Kwa wauza unga jambo hili si dogo. Mwaka 2023 Sudan Kusini ilizuia malori ya mahindi na unga kutoka Uganda kwa madai ya sumukuvu, na walioumia zaidi ni wale wasio na karatasi ya kuonyesha mzigo wao umetoka wapi na umepimwa na nani. Anayepita njia ya panya huokoa ushuru siku moja, lakini siku mzigo unaposhikwa hana pa kulalamikia. Kwa wanawake njia hiyo ina hatari nyingine zaidi ya kupoteza mali, na hazihitaji kuandikwa hapa ili zieleweke.

"Yule mwanamke wa Jaki alitoa moto," Mama alisema tulipoanza kuteremka. "Lakini hakutoa jiko lote."

Kuteremka

Mzee alikuwa na haki: kuteremka ndiko kulikokuwa na gharama. Magoti ya Mama yalilalamika, na mahali pawili aliteremka kwa kukaa. Wagonga kokoto walikuwa wamepumzika kula. Mama aliwanunulia watoto ndizi za muuzaji aliyekuwa akipita, akauliza bei ya ndoo moja ya kokoto, akanyamaza aliposikia jibu.

Kwa msomaji anayetaka kuupanda Liru, haya ndiyo tuliyojifunza. Anza kabla jua halijachomoza, maana kwenye mwamba hakuna kivuli. Pita kwanza kwa viongozi wa kijiji, kisha kwa wazee; mlima huu kwa wengi ni mahali pa mababu, na haupandwi kama ngazi ya duka. Chukua maji ya kutosha na viatu visivyoteleza. Usipande mawingu yakiwa mazito, kwa sababu mwamba uliolowa huteleza na radi hupenda vilele. Beba kitambulisho, kwa kuwa uko karibu na mipaka miwili na askari wa doria ana haki ya kuuliza. Mlipe mwongozaji wako bila kusubiri aombe. Na ukiweza, panda mti mmoja chini kabla ya kuondoka. Miche ya mwembe au mwarobaini hupatikana kwenye vitalu vya mjini kwa bei ya soda.

Jumatatu asubuhi, kabla sijarudi Arua, nilipita dukani kwa Mama. Mteja wa Yei alikuwa ameketi kwenye kreti ya soda. Aliomba mifuko arobaini. Mama alimpa kumi. Orodha iliandikwa nakala mbili katika daftari la shule, kila mmoja akatia saini, na mwenye duka jirani akashuhudia. Mzigo ulipangwa kupita Oraba mchana kweupe na karatasi zake. Mifuko mingine itatoka hii ikishalipwa.

"Shikamoo Mama," kijana alisema akiinuka, "kaka amenituma nikusalimie."

"Marahaba. Mwambie bado namkumbuka," Mama alijibu. "Mwambie namkumbuka kwa mema na kwa deni."

Wiki tatu baadaye nilimpigia simu. Mifuko saba ilikuwa imelipwa. Mitatu ilikuwa bado, lakini kijana alikuwa amepiga simu mwenyewe kueleza sababu, na Mama alikuwa amempa hadi mwisho wa mwezi. Nilimuuliza kama anajuta.

"Niulize mwisho wa mwezi," alisema. Kisha akaniambia kwamba asubuhi ile, akifagia mbele ya duka, aliinua macho akauona Liru, na kwa mara ya kwanza alijua dimbwi liko wapi.